Kesho Barazani Utaje Jina Langu

Ghati,

Salamu hakuna. Umenisalimia jioni ukiwa umepiga goti, nami nimeitika, inatosha kwa siku moja. Ukiamka utaikuta karatasi hii chini ya kibuyu chako cha maziwa. Usishangae kwamba ni mimi. Najua kuandika. Darasa la ubatizo pale misheni nililifuata mpaka mwisho, wakati wenzangu walikwenda siku za kugawiwa sukari tu kisha wakaacha. Mwandiko wangu ni kama miguu ya kuku kwenye matope, lakini wewe umefika darasa la tatu kwenu Ngoreme, utaweza. Usipoweza, rudia.

Naandika kwa sababu mdomo umenishinda. Tangu ng'ombe walipoingia zizini nimekaa na wewe jikoni, na kila nikitaka kuanza unainamisha kichwa na kusema, "Sawa, mama," kabla sijasema lolote. Utamwambiaje mtu neno akiwa amekwisha kulikubali? Na kwa Kikurya maneno haya yangenikaba. Kiswahili hakikunizaa. Nikikitumia naona kama anayesema ni mwanamke mwingine, na huyo mwingine ananishinda ujasiri.

Kesho kaka yako Chacha anakuja kukuchukua, mwende bomani Tarime. Bwana shauri atasikiliza, aamue kama Mwita mwanao arudishwe kwako au abaki kwenye nyumba ya yatima ya misheni, yeye ambaye si yatima. Wakikurudishia, hamrudi hapa. Mtavuka mto Mara mkakae kwa Chacha, kwa maana kwenu wamekwisha kusema mtoto hatalala tena karibu na mikono yangu. Wasipokurudishia pia hutarudi, hilo nalijua hata kama wewe hujalijua. Kwa hiyo unatoka kwangu. Sitakwambia ule nini njiani wala uvae nini. Kujifunga kanga unajua. Ninalo neno moja tu, lakini siwezi kulisema bila kuanzia nyuma, na huko nyuma sijawahi kumpeleka mtu.

Ulipoingia hapa ulijua unaolewa na nani. Nyumba ntobhu iko kwenu kama ilivyo kwetu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mke, na watoto wa mke yule wanakuwa wa nyumba yake. Binti zangu waliolewa, ng'ombe wao wakaja, nikakuoa wewe kwa ng'ombe hao hao. Lakini hukuwahi kuniuliza kama nilikuwa na mwana. Wewe hukuuliza kwa adabu, mimi sikusema kwa kiburi.

Nilikuwa naye. Aliitwa Mwita, na wako nilimpa jina lake. Alikuwa mtoto mweusi sana, mwenye kichwa kikubwa, mbishi. Alikuwa amefika umri wa kuchunga ndama alipoanza kukohoa. Kikohozi chake kilikuwa kikavu, kifupi, mara mbili mbili, kama mtu anayegonga mlango na hataki kuwaamsha watu. Kikakaa. Akakonda. Misheni ilikuwa imeanza tu wakati ule, na ilisemekana kuna Mzungu mwenye dawa ya kifua. Asubuhi moja nilimfunga mgongoni, mtoto mkubwa vile, miguu yake ikinipiga magotini.

Mkwe wangu, mama yake mume wangu, alikuwa ameketi mlangoni akipepeta wimbi, ulezi wetu wa uji. Hakuinua hata macho.

"Umembeba unakwenda wapi?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelipanga njia nzima kutoka kitandani mpaka mlangoni, nalo halikuwa refu: mama, naomba nimpeleke misheni. Nikasema, "Siendi popote, mama."

"Basi mfungue. Unamchosha."

Nikamfungua. Akafa kabla wimbi ule haujaisha ghalani. Wanawake waliokuja kulia waliambiana, nami nasikia, kwamba mtoto alikuwa na kimeo, kile kinyama cha kooni kimemrefukia, na kwamba kama mama yake angekuwa mwepesi wa kumpeleka kukatwa, angekuwa anachunga sasa. Maneno hayo niliyachukua kama mtu anavyochukua blanketi. Kama kosa lilikuwa ni kimeo, basi halikuwa mdomo wangu. Nimelala na blanketi hilo mpaka nywele zimekuwa hivi.

Lakini mwanangu hakulikubali. Tangu pale anakohoa, Ghati. Ukiona natoka usiku na kuzunguka nyumba nikisema natafuta fisi, hakuna fisi. Mara mbili, kimya. Mara mbili, kimya. Siku nyingi hakohoi, nami nadhani amechoka, halafu anakohoa upande wa zizi. Sikumwambia mchungaji, angeniombea mbele ya watu.

Sasa fikiria mwanao alipoanza. Umri si ule, alikuwa bado wa kukimbiza kuku, lakini kikohozi kilikuwa kile kile, kikavu, mara mbili mbili. Wewe ulisema ni vumbi la kupura mahindi. Ulisema, "Mama, Jumapili nitapita misheni wamsikilize kifua." Nikakujibu kwamba hatuwezi kukimbilia misheni kila mtoto akipiga chafya. Ndivyo nilivyosema. Yule bibi aliyekuwa akipepeta wimbi mlangoni, nilimzika kwa mikono yangu, na siku ile nilimsikia akisema ndani ya meno yangu.

Ulipokwenda kupalilia, nilimchukua. Sikukuuliza. Haikunipita hata kichwani kwamba wewe ni wa kuulizwa. Nilimpeleka kwa yule mzee wa kukata vimeo kule juu ya mlima, nikamshika kichwa mwenyewe, magoti yangu huku na huku, kiganja kwenye paji la uso. Alikuwa ananitazama. Alidhani tunacheza, kwa hiyo akafungua mdomo mwenyewe, mkubwa, kama nilivyomwonyesha.

Damu haikukata. Mzee akaweka majivu yake, ikaja tu. Nilirudi naye njia yote nikimwambia ateme, asimeze. Ulikuwa umefika kutoka shambani. Hukunipigia kelele. Ulimtoa mikononi mwangu ukakimbia naye misheni na jembe ukaliacha katikati ya njia. Mimi nilibaki nimeshika jembe lako. Ndiyo maana yuko hai. Ukiulizwa kesho ni nani aliyemwokoa, sema ni wewe na wale masista, wala usiingize heshima hapo.

Waliokuja baadaye unawakumbuka, lakini nataka ujue nilichokuwa nikikiona mimi pale nilipoketi.

Walikuwa watatu: yule Bibi Mzungu anayeshughulika na watoto, karani wake, na tarishi wa baraza. Tarishi alikuwa na kofia, na wewe kofia ile uliiogopa. Ulikuwa umekaa chini kando ya ghala. Nilimwekea mgeni kigoda, akakikataa, akaenda kukaa chini karibu na wewe. Nilichukia. Nilisema moyoni, ni mgeni wa namna gani anayekaa mavumbini na mke wangu na kuniacha mimi juu peke yangu kama kuku aliyepanda kihenge?

"Bibi anauliza," karani akasema, "ni nani aliyempeleka mtoto kukatwa?"

Ukatazama miguu yangu.

"Huyu ni mke wa nyumba yangu," nikasema. "Niulize mimi."

"Bibi anamuuliza mzazi."

"Mzazi ni mimi. Ng'ombe waliokwenda Ngoreme ni wangu."

"Baba wa mtoto yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Karani akacheka. Alikuwa kijana wa kutoka mbali, wa huko wasikojua mambo. Tarishi, Mkurya mwenzetu, akamgeukia. "Usicheke, mura. Mama huyu ndiye baba. Ukitaka nikueleze nunua pombe, maana ni maelezo marefu." Bibi Mzungu akaandika kitu, nacho pia kikawa kirefu.

Kisha akasogea, akakuuliza yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kujifunza ukubwani: "Mama Mwita. Nani alimpeleka? Taja jina tu."

Taja jina tu. Maskini yule mama, hakujua anaomba nini. Kwetu mke hataji jina la mkwe wake, awe hai awe amekufa. Tangu umeingia hapa hujawahi kulisema. Hata yule mbuzi ambaye majirani walimpa jina langu kwa kunidhihaki, wewe unamwita "yule mwenye ndevu". Kwa hiyo ulinyamaza. Ukanyamaza kwa heshima, na mimi nikakuona unavyonyamaza, nikajivuna. Ndiyo, andika moyoni mwako kama nilivyoandika hapa: nilijivuna. Nilisema, tazameni mke niliyemlea.

Ningeweza kukusaidia kwa maneno mawili. Ni mimi. Badala yake nikasema, "Mtoto alipelekwa na nyumba hii." Karani akatafsiri, na yule mama akakutazama wewe, kwa maana nyumba kwake ni mwanamke aliyezaa.

Akauliza tena kama unamtaka mtoto wako. Machozi yakakushuka bila sauti, na bado ukanitazama mimi, kama vile kumtaka mtoto nako kunaombewa ruhusa. Nikajibu kwamba hapa kila mtu anamtaka. Karani akasema, "Mama, tafadhali, si wewe." Nami nikamwuliza kama mama yake alimfundisha kuongea hivyo na wazee.

Halafu ikatoka karatasi. Hakuna aliyeisoma. Wewe unajua kuandika jina lako, unaliandika vizuri kuliko mimi, lakini walikuletea wino wa dole nawe ukaogopa kusema kwamba unajua kalamu. Ukanigeukia. Nikasema, "Weka, Ghati, wageni waondoke, jua linapanda."

Ukaweka. Walipoondoka nilikuona nyuma ya nyumba ukisugua kidole kwa majivu mpaka ngozi ikawa nyekundu, nikakugombeza kwamba unamaliza maji.

Mtoto hakurudi kutoka misheni. Tuliambiwa wamemhamishia kwenye nyumba ya yatima, kwamba mama yake ni mzembe, amekataa kujibu, na ameweka dole kukubali. Wewe ulikaa na kimya chako, ukakamua, ukasaga, ukaniletea maji ya kunawa kama kawaida. Nilikuwa natamani unimwagie usoni.

Ndipo nikaenda bomani. Nilikwambia nakwenda Gorong'a kwa mdogo wangu anayeumwa mgongo. Mgongo wake ni mzima. Nilikaa nje ya ofisi na watu wa kesi za mipaka na kesi za ng'ombe, mpaka yule karani aliyecheka akatoka akanitambua.

"Shikamoo, baba yake Mwita," akasema.

"Marahaba. Cheka umalize, halafu uniambie mtoto wa watu anarudije."

Hakucheka tena. Alinipeleka kivulini nyuma ya ofisi. Nikamwambia yote, kwamba ni mimi niliyempeleka mtoto, kwamba mama yake alikuwa shambani na hakuulizwa. Nilidhani nikisema hivyo ataingia ndani atoke na mtoto. Akakuna shingo.

"Mama, hilo Bibi Mzungu atasema unamfunika mkwe wako tu. Wanalisikia kila siku. Maneno yako hayawezi kuwa maneno yake."

"Kwa nini? Yeye ni wangu."

"Bwana shauri hajui kwamba ni wako. Bwana shauri anajua kuna mama aliyezaa, na huyo mama hatujamsikia. Mzazi anatakiwa asikike kabla mtoto hajachukuliwa. Aambiwe ameshtakiwa nini na nani. Anaweza kuja na mtu wake wa kukaa naye. Asipoelewa lugha, anaweza kuomba mtu wa lugha yake, siyo mimi ninayecheka. Na karatasi asiyosomewa anaweza kusema, nisomeeni kwanza, na hakuna atakayempiga."

"Na tarishi mwenye kofia?"

"Tarishi ni wa kubeba barua, mama. Angemfanya nini?"

"Na lile dole?"

"Dole lipo. Lakini siku ya baraza anaweza kusimama na kusema aliliweka bila kusomewa, na bwana shauri lazima amsikilize. Lakini aseme yeye. Mtu mwingine hawezi kulisema."

Nikamwuliza mbona siku ile hakutuambia hayo. "Mlikuwa mnaniuliza?" akasema. "Kila nikimgeukia mama wa mtoto, ulikuwa unajibu wewe."

Nilisema basi siku ya baraza nitakuja naye, nitamsimamia, nitamwambia aseme.

"Ukikaa pale mbele yake, mama, atasema?"

Ghati, nilifunga kanga upya nikaondoka bila hata kumtukana. Unanijua, si kawaida yangu. Ndiyo maana kesho siendi nawe. Usidhani nimekutupa.

Kuna jambo jingine sijakwambia. Nikitoka bomani nilipita misheni. Sikuwa na ruhusa, nilipita nyuma, upande wa bustani ya kabichi, ambako watoto wanacheza kwenye ua wa miti. Nilimwona. Amenenepa kidogo. Amevaa kaptura ya kaki ya mtoto mwingine, imemfika miguuni. Kikohozi kimekwisha, nilisimama muda wa kutosha kusikiliza. Nikamwita kwa sauti ndogo. Aligeuka, akanitambua, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa unakuja kucheka.

Kisha akaweka mikono yote miwili juu ya mdomo wake. Hakulia, hakukimbia. Alisimama vile vile amejifunika mdomo, akinitazama kwa macho, mpaka mimi nikaondoka.

Wewe unamlilia kwa sababu yuko mbali. Mimi sasa nikisikia kile kikohozi upande wa zizi, naogopa kutoka, kwa maana sijui ni yupi nitakayemkuta amesimama pale, na kama atakuwa amejifunika mdomo. Mmoja alikufa kwa sababu sikuufungua wangu. Mwingine alinifungulia wake kwa hiari. Siwezi kulipanga hili likakaa. Nimejaribu nikikamua, nimejaribu kanisani.

Basi neno lenyewe ni hili. Kesho bwana shauri akiuliza ni nani aliyempeleka mtoto, usitazame chini. Sema: Wankuru ndiye aliyempeleka. Usiseme "mama", watadhani unajitaja mwenyewe. Usiseme "nyumba", nyumba ilikwisha kuharibu mara moja. Wankuru. Sema, Wankuru alimchukua nikiwa shambani, hakuniuliza, na angeniuliza ningekataa. Ningekuuliza, ungekataa? Sema ungekataa. Nakujua, ungesema "sawa, mama", lakini kesho sema ungekataa, na ukishalisema mbele ya watu litakuwa kweli tangu hapo.

Mwiko naujua kuliko wewe. Niliushika kwa mkwe wangu, mpaka leo nimemwandika hapa kurasa nzima na jina lake hujaliona. Mwiko huu nimekuondolea mimi mwenye jina. Wapo watakaosema umenilaani. Waambie waje kwangu. Asubuhi kabla Chacha hajafika nenda zizini, huko ng'ombe hawana masengenyo, ulitamke mpaka likae mdomoni. Mara ya kwanza utahisi kama umemeza mfupa. Endelea.

Halafu lile dole, walieleze. Waambie unajua kuandika, waombe kalamu, na wakiweka karatasi mbele yako waambie wakusomee yote, pole pole, kwa Kikurya, na Chacha akae karibu asikilize. Ukiona ni ndefu na wana haraka, haraka ni yao. Wakikuuliza kama unamtaka mtoto, usimtafute mtu wa kumtazama. Hatakuwepo.

Wataniita baadaye, najua. Pengine watanitoza, pengine watanifunga. Wewe usilie hapo ukaharibu maneno yako. Nimelala mahali pabaya kuliko jela ya Musoma, na chumba chenyewe ni hiki.

Barua hii usimwonyeshe bwana shauri. Najua utataka, kwa maana karatasi ni nyepesi kuliko mdomo. Ichome au uiache kwa Chacha. Ukimpa bwana shauri, atasoma yeye, na wewe utakuwa umenyamaza tena, safari hii kwa mkono wangu wa kulia.

Sasa ng'ombe, maana najua unawaza ng'ombe. Shemeji yangu Marwa alikuja juzi na wazee wawili wa ukoo, ulipokwenda mtoni.

"Ghati akitoka na mtoto," akasema, "ng'ombe warudi. Mtoto ni wa ng'ombe, hilo unalijua."

"Ng'ombe hao uliwachunga wewe?"

"Hapana, lakini ukoo..."

"Uliwakamua?"

"Shemeji, tunaongea jambo la ukoo."

"Ukoo ulikuwa wapi mtoto alipokuwa anatema damu? Niambie, pengine nilipishana nao njiani."

Mmoja wa wale wazee akakohoa kuficha kicheko. Marwa akasema nimezeeka vibaya. Nikamwambia nilikuwa hivi hivi nikiwa msichana, awaulize waliokufa. Akasema nyumba yangu itazimika, hakuna atakayewasha moto wa jina la mwanangu. Hilo lilinipata. Sikumwonyesha, lakini lilinipata mahali penyewe, na alipoondoka nilikaa na kikombe mkononi mpaka uji ukaganda.

Ng'ombe wanabaki kwenu. Nimewaambia wote watatu, na mchungaji nimemwambia, na mke wa mchungaji, kwa hiyo nchi nzima inajua. Hakuna atakayevuka mto kuwadai. Mwita ni wako. Si wa ng'ombe, si wa jina la mwanangu, si wa nyumba hii. Ukitaka kumbadilisha jina, mbadilishe. Hilo nimeliandika mara moja nami sitaliandika tena, kwa sababu mkono umekataa.

Akikua atakuuliza habari zangu. Usimpambie. Usimwambie bibi yake alikuwa anampenda sana, maana atajiuliza kupenda ni kitu gani, na huo ni mzigo mbaya kwa mtoto. Mwambie alikuwa na bibi mkali aliyekuwa anaogopa, na hakuna aliyejua kwamba anaogopa, hata yeye mwenyewe. Akikohoa, mpeleke hospitali. Usiniulize, usimuulize Chacha, usiulize wanawake mtoni. Wewe ndiye wa kuulizwa.

Nawe siku moja utakuwa mkwe wa mtu. Atakuja msichana na macho yake chini, mzuri, mtiifu, akisema "sawa, mama", na utajisikia vizuri sana. Hapo ndipo unikumbuke.

Jogoo la kwanza limewika, na mafuta ya taa yanakwisha. Mimi natoka sasa, nakwenda kwenye shamba la mihogo kule mbali, na sitarudi mpaka nione kwa juu kwamba wewe na Chacha mmekwisha kupita. Usinitafute uje kuniaga. Mke anayeaga anaomba ruhusa, na mimi sina ruhusa niliyobakiza ya kukupa wala ya kukunyima. Moto uliopo jikoni usiuzime, wala usiuongeze kuni. Chukua mtoto wako, mvuke mto.